Nywele za Nasike

Ungemuuliza Nabwile lolote kuhusu shule ya Kizito, mwanawe wa kwanza, angekujibu kabla hujafunga mdomo. Tarehe za mtihani, jina la mwalimu wa fizikia, mtoto wa nani aliyemshinda Kizito kwa alama mbili za kemia, yote alikuwa nayo kichwani. Wazazi wa kidato cha tatu walimfanya mwenyekiti wao bila hata kupiga kura, maana ni nani mwingine angekubali kutoka Mabanga kila wiki kwenda kumkalia kooni mwalimu mkuu kwa sababu ya maharagwe yenye wadudu? Walimu walimwogopa kidogo. Yeye mwenyewe alilipenda hilo.

Shule ya Nasike ilikuwa habari nyingine. Nasike ni kitindamimba wake, msichana wa miaka kumi na miwili, kiziwi, na shule yake ya bweni iko Kitale. Katika miaka sita Nabwile alikuwa amefika huko mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya kumpeleka, alipomwacha akilia kwa ile sauti yake isiyojua juu wala chini, na watu wote wakageuka kutazama. Mara ya pili ni siku ya wazazi, alipofuatana na mume wake Wakhungu, akakaa kwenye benchi saa tatu nzima katikati ya watu wanaozungumza kwa mikono. Wanacheka, wanabishana, naye hajui wanacheka nini. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa kiziwi. Kisha akamwona Wakhungu akipiga ubao wa benchi kwa kiganja, mara mbili, na Nasike, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi lile lile akiwa amewapa mgongo, akageuka na kuwajia mbio.

"Unaita mtoto kama mbwa," Nabwile alimnong'oneza mumewe.

Wakhungu alicheka tu. Nabwile hakurudi tena Kitale. Baba yupo, alisema, na baba anawezana naye.

Na kweli baba aliwezana naye. Wakhungu alikuwa na mashine ya kusaga unga pale Mabanga, na mashine ya posho ikishanguruma hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa miaka ishirini alikuwa amesema na wateja kwa mikono. Vidole vitatu, ni gorogoro tatu, yale makopo ya kupimia mahindi. Kiganja kikipita juu ya kiganja, unataka unga laini. Alijua hata kuwasengenya wateja kwa nyusi, na mteja mwenyewe amesimama hapo hapo. Kwa hiyo Nasike alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja na nusu, akapona lakini masikio yasipone, Nabwile alilia mwaka mzima na kumzungusha mtoto kwenye mikutano ya maombi kutoka Bungoma hadi Cheptais. Wakhungu alimbeba akampeleka kwenye mashine, akamkalisha juu ya gunia, akaendelea na mazungumzo yake kama kawaida.

"Huku kwangu sisi wote ni viziwi," alisema. "Huyu amefika nyumbani."

Wakhungu alikuwa na jina la mkono, na Nasike ndiye aliyempa. Unasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole vingine, vile msagaji anavyoupima unga unapotoka mdomoni mwa mashine ukiwa bado na joto. Hilo Nabwile alilijua, maana mtoto alikuwa akilitumia kutwa nzima likizoni, akimtafuta baba yake nyumba nzima. Ishara nyingine hakujishughulisha nazo. Alikuwa na vikao vya wazazi, alikuwa na kwaya, alikuwa na Kizito.

Tusimwonee lakini. Kulikuwa na jambo moja kati yake na binti yake, nalo ni nywele. Nasike alijifunza kusuka huko bwenini kwa wasichana wakubwa, na kila likizo alimkalisha mama yake chini kwenye mkeka, akampanga nywele kichwani mistari, akasuka. Saa mbili, saa tatu, hakuna aliyehitaji neno. Jumapili wanawake wa kanisa walimuuliza Nabwile anasukwa wapi, naye alijibu kwa sauti ya kujivuna kwamba ni msichana wake. Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote, na kila mmoja aliyapenda kwa namna yake.

Mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yamefika magotini, Wakhungu alianguka kwenye mashine. Ilikuwa Jumatano. Hospitalini Bungoma walisema ni presha, imepasua mshipa wa kichwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na sauti imekatika. Alhamisi mchana, Nabwile akiwa pembeni mwa kitanda, mkono wa kushoto uliokuwa bado na uhai ukaanza kusema. Ndiyo, kusema, sina neno jingine. Ulionyesha mlango, ukapiga godoro, ukaonyesha mlango tena, ukapiga godoro. Nabwile akaleta maji. Mkono ukayakataa. Akaleta blanketi, akamwita nesi, akafungua dirisha, akalifunga. Macho ya Wakhungu yalimfuata huku na huku yakiwa yamejaa maji, na mkono ukaendelea mpaka ukachoka ukalala. Ijumaa asubuhi alikuwa amekwenda.

Waombolezaji walipouliza alikufaje, Nabwile alijibu: "Aliniaga kwa mkono." Watu walilia waliposikia hayo. Mchungaji aliyaweka katika mahubiri. Nabwile aliyasema mara nyingi hivi kwamba mwishowe yakawa kweli, akalala nayo usiku kama mtu anayelala na mto kifuani.

Sasa tuje kwenye kosa, na nitalisema wazi kwa sababu mwenyewe baadaye alilisema wazi. Jumapili ile familia ilikaa kupanga mazishi. Wamalwa, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeshika daftari. Kizito angechukuliwa shuleni Ijumaa. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi na basi la kuwaleta wanafunzi wenzake. Hema, viti, kwaya, yote yakapangwa. Halafu mtu mmoja nyuma akauliza, "Na yule wa Kitare?"

Wamalwa alimgeukia Nabwile. "Mama Kizito, wewe ndio mama. Tumuendee mutoto?"

Nabwile alikuwa hajalala siku tatu. Alifumba macho, na alichokiona si mtoto wake. Alichokiona ni watu mia tano wamekaa kimya chini ya hema, na ile sauti isiyojua juu wala chini inapasuka kando ya jeneza, na vichwa mia tano vinageuka. Aliona aibu. Hiyo ndiyo kweli, hakuna haja ya kuipaka sukari.

"Mwacheni tu amalize muhula," alisema. "Haelewi. Atatusumbua bure pale kwa kaburi."

Wamalwa alipiga mstari kwenye daftari, na kikao kikaendelea na habari ya maji ya kunywa. Ni Kizito peke yake aliyeuliza tena, Jumamosi yenyewe ya mazishi, akiwa na udongo viatuni.

"Mama, Nasike ameambiwa?"

"Ataambiwa."

"Na nani? Si ni baba tu alikuwa anajua kuongea na yeye?"

"Kizito, si leo. Tafadhali."

Siku ya tatu baada ya mazishi walinyolewa, kama desturi inavyotaka kwa watu wa nyumba iliyofiwa. Viti vikapangwa uani, shangazi Everlyne akashika wembe na karai la maji. Kizito alinyolewa, wajomba wakanyolewa, na mjane akanyolewa. Mistari ya nywele aliyosuka Nasike likizo ya Aprili, ikiwa bado imeshika vizuri, ilianguka mapajani mwa mama yake mmoja mmoja. Nabwile aliuokota mmoja, akaushika kidogo. Everlyne akauchukua mkononi mwake, akautia pamoja na mingine.

Karibu wiki mbili zikapita tangu mazishi. Simu iliyomtoa jasho ilikuwa ya mwalimu Jelagat, mwalimu wa darasa wa Nasike, mama mmoja mwenyeji wa kule Kwanza, karibu na Kitale, mwenye sauti ya pole pole.

"Mama Nasike, habari ya huko? Nilikuwa nakumbusha visiting ya wazazi ni Jumamosi. Huyu msichana amenisumbua ati baba anakuja saa ngapi. Simu ya mzee haishiki."

Nabwile alimwambia.

"Pole sana, mama. Pole." Kisha: "Na mtoto?"

"Bado."

"Wiki tatu, mama?"

"Nakuja Jumamosi. Wewe mwalimu utamwambia. Wewe unajua hiyo lugha."

Jumamosi aliamka akapika chapati kumi, akafunga kitambaa cheusi kichwani, akakifungua, akakifunga tena kwa kukaza zaidi. Hakutaka mtoto aone kichwa kabla ya mwalimu kusema. Alikuwa amepanga kila kitu, kama alivyozoea kupanga vikao vyake: kwanza chakula, halafu mwalimu, halafu mtoto atalia kidogo, halafu watakwenda wote bwenini watulie kwa muda. Hivyo ndivyo alivyopanga.

Nasike alikuwa getini. Alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, sketi imepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini, na nywele zake fupi za shule zimepakwa mafuta zikang'aa. Alipomwona mama yake alifurahi, hilo halina shaka, alimkumbatia kwa nguvu. Kisha akachungulia nyuma ya mama yake, barabarani. Akasugua vidole: kidole gumba juu ya ncha za vingine. Baba?

Nabwile alitabasamu, akamwonyesha mfuko wa chapati.

Walikaa kwenye benchi refu la mbao upande wa uwanja, karibu na mabomba. Familia nyingine zilikuwa zimetandaza vitenge kwenye nyasi. Mwalimu Jelagat alikuja, akamsalimia Nabwile kwa mikono miwili, akakaa. Nabwile akamwinamia na kusema haraka haraka, "Acha ale kwanza."

Lakini Nasike hakula. Alikuwa akimtazama mama yake kwa lile jicho la fundi, jicho la mtu anayetaka kuona kazi yake ya Aprili imekaaje, kama imefumuka, kama ni wakati wa kusuka upya. Alisimama nyuma ya benchi, na kabla Nabwile hajajua linalotendeka, vidole vya mtoto vilikuwa vimeingia chini ya kitambaa.

Vidole vilisimama. Vilipapasa kutoka sikio hadi sikio. Hapakuwa na mistari. Palikuwa na nywele za wiki moja na nusu, fupi, zinazochoma. Kitambaa kikaanguka mabegani, na Nabwile akabaki kichwa wazi mbele ya uwanja mzima, hathubutu kugeuka.

Nasike alizunguka akaja mbele. Unafikiri kuna mtu aliyehitaji kumweleza? Miaka miwili iliyopita bibi yake alipokufa, yeye mwenyewe alikaa kwenye kile kiti uani, akanyolewa na shangazi Everlyne baada ya Kizito. Alijua vizuri kabisa kichwa kile kinasema nini, na kinasemwa na watu gani. Alisugua shavu lake mahali Kizito ana kovu. Kizito? Nabwile akatikisa kichwa: hapana, Kizito mzima. Kisha mkono wa mtoto ukainuka pole pole, na kidole gumba kikaanza kusugua ncha za vidole.

Nabwile hakutikisa kichwa. Hakuinamisha. Alimtazama tu binti yake, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kujua.

Ile sauti aliyoiogopa haikuja. Nasike alikaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyekatwa miguu, mdomo wazi, hakuna kilichotoka. Ingekuwa afadhali angelia. Hata Nabwile aliomba moyoni alie, apige kelele, watu wote wageuke, haidhuru.

Baadaye mikono ilianza. Jelagat aliteremka akapiga magoti kwenye nyasi, akajibu, akasikiliza kwa macho, akamgeukia Nabwile.

"Anauliza lini."

"Mwambie alikufa wiki tatu zilizopita, akazikwa Jumamosi iliyofuata."

"Anauliza amezikwa wapi."

"Nyumbani. Karibu na mparachichi."

"Anasema Jumamosi hiyo walikuwa wanafanya usafi wa bweni. Alikuwa anaimba na mikono na wenzake." Mikono ya mtoto haikukoma. "Anauliza kama Kizito alikuwako."

Nabwile akainamisha kichwa kukubali.

"Anauliza kwa nini yeye hakuitwa."

"Mwambie barabara ilikuwa mbaya. Mvua."

Mikono ya Jelagat ilibaki magotini. "Nitasema, mama. Kazi yangu ni kusema chenye unasema. Lakini huyu haangalii mikono yangu. Anaangalia uso yako."

Na kweli Nasike alikuwa akimtazama, wala hapepesi macho. Miaka yote hii Nabwile alidhani mtoto asiyesikia ni mtoto asiyejua. Sasa alijiona amekaa uchi mbele ya mtu ambaye, kwa kukosa masikio, alikuwa amejifunza kusoma kila mshipa wa uso wake. Akapiga moyo konde.

"Mwambie ni mimi," alisema. "Waliniuliza kama waende wamchukue. Mimi ndiye nilisema asiletwe. Nilisema haelewi."

Jelagat akapeleka kidole kwenye kipaji cha uso, akatikisa kichwa, akamaliza. Nasike aliirudia ishara ile yeye mwenyewe, taratibu, kidole kwenye kipaji cha uso, kichwa kikitikisika. Kisha akajigusa kifuani, nyusi juu. Mimi?

Nabwile akainamisha kichwa tena. Hakuna kikao cha wazazi, hakuna mwalimu mkuu, hakuna mtu duniani aliyewahi kumtazama hivyo.

Mtoto aling'oa nyasi. Kisha akasema jambo moja fupi, akishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Nabwile aliuliza. "Mwalimu, anasema nini?"

"Anauliza," Jelagat alisema, "anauliza kwa nini yeye ana nywele."

Matroni wa bweni alikuwa na mkasi na wembe mpya wa kunyolea watoto. Mtu mwingine akaleta karai. Siku ile ya Mabanga wembe aliushika shangazi wa ukoo, maana mjane hanyoi mtu. Lakini hapa hapakuwa na shangazi, na Nasike alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, mgongo kwa mama yake, akisubiri. Nabwile akakunja mikono ya gauni. Akaloweka nywele, akapaka sabuni, akaanza kwenye paji la uso kurudi nyuma.

Kwa miaka yote mtoto ndiye aliyekaa nyuma na mama mbele. Sasa ilikuwa kinyume. Mtoto hakuweza kuuona uso wake wala mikono yake, na mikono yenyewe ilikuwa na kazi. Basi Nabwile akasema. Alisema kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, chini chini, akimwambia kisogo kile maneno ambayo kisingeyasikia kamwe. Alimwambia kwamba aliona aibu. Alimwambia kwamba alipomleta hapa akiwa na miaka sita, njia nzima ya kurudi alijisikia mwepesi, na kwamba wepesi ule amekuwa akiuomba Mungu msamaha tangu hapo, bila kuja. Alimwambia kwamba anajua jina la mlinzi wa shule ya Kizito, na mwalimu wake yeye Nasike hakumjua mpaka alipompigia simu. Alimwambia nisamehe, nisamehe mama yangu, vile mtu anavyomwita bintiye anapombembeleza. Nywele zilianguka kwenye kitenge walichomfunga mabegani, vipande vidogo vyeusi, na Jelagat, aliyekuwa akisikia yote, alitazama pembeni.

Alipomaliza alimfuta kichwa kwa kitambaa chake cheusi, akaja mbele, akapiga magoti. Alitaka kumpa kitu. Hakuwa na kitu kizuri zaidi ya kile alicholala nacho wiki tatu. "Mwambie baba yake alituaga kwa mkono," alimwambia Jelagat. "Mwambie nilikuwa hapo." Na ili mtoto aone kabisa, yeye mwenyewe akageuza mkono wake wa kushoto kuwa mkono wa Wakhungu. Akaonyesha geti, kama mlango. Kisha akaupiga ubao wa benchi kwa kiganja, mara mbili. Mlango tena. Mara mbili.

Nasike alikishika kile kiganja. Alikishikilia kwenye ubao kana kwamba kingeruka. Halafu akakiachia, akapiga benchi yeye mwenyewe mara mbili, akajigusa kifuani. Akarudia. Mara mbili, kifuani. Uso wake ulikuwa umelowa wote sasa.

"Anasema nini?"

Jelagat alimgeukia. "Mama, hiyo ni jina yake. Ile gunia ya unga alikuwa anakalia akiwa mdogo, mzee alikuwa anapiga hivyo, yeye anasikia kwa mwili, anageuka. Hapa shuleni hata sisi tunamuita hivyo." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mzee hakuwa anaaga, mama. Alikuwa anasema mumuite."

Siwezi kukuambia Nabwile alijisikiaje. Najua tu kwamba alibaki amepiga magoti, kiganja kwenye ubao, na mto wake wa wiki tatu ulikuwa umechukuliwa, tena na mwenye haki nao. Siku nzima ya Alhamisi mwanamume yule alikuwa amemwita mtoto wake, naye akamletea maji. Jumapili walipomuuliza kama mtoto aitwe, akasema mwacheni. Mara mbili aliombwa jambo lile lile, na mara mbili akalikataa, mara moja kwa kutojua na mara moja kwa kujua.

Saa kumi kengele iligongwa kwa ajili ya wazazi, na taa ya juu ya bweni ikawaka na kuzimika kuwaambia watoto muda umekwisha. Wazazi walianza kukunja vitenge. Nasike alikuwa amehamia mwisho wa benchi, amelipa geti mgongo, anatazama mahindi ya shule ng'ambo ya uwanja. Kichwa chake kitupu kilionekana kidogo sana. Hakuwa amemuaga mama yake, wala mama hakujua aanzie wapi. Chapati kumi zilikuwa bado zimefungwa.

Nabwile alikwenda hatua tano, sita, kuelekea getini. Akageuka.

"Nasike!" aliita.

Aliita kwa sauti ya mwenyekiti, sauti inayofika mpaka mwisho wa ukumbi. Mlinzi akageuka. Wazazi wote wakageuka, na walimu, na matroni mlangoni mwa bweni. Nasike peke yake hakugeuka.

Nabwile alirudi mbio. Akaketi mwisho huu wa benchi, akihema, akauinua mkono wake wa kushoto. Akaupiga ubao kwa kiganja, mara mbili.

Nasike aligeuka haraka, uso wote umewaka, mdomo umeshaanza kucheka, mkono tayari unasugua vidole. Halafu akaona ni nani aliyemwita.